Weusi wa Kisu cha Shangazi

Jumatatu, 3 Juni

Shangazi ameniachia kisu chake! Miaka minne niko naye meza moja pale kitaluni, sijawahi kuona mtu mwingine akikishika. Meneja mwenyewe aliwahi kukiomba akate kamba tu, akaambiwa atumie meno.

Anakwenda kupimwa macho, asubiri na miwani, atarudi Alhamisi. Akakikunja, akanitia mkononi, akasema niwekee, hawa wasije wakakifungulia soda. Basi. Akaondoka na mkoba wake kana kwamba kaniachia mwavuli.

Si shangazi yangu wa damu. Ni Shangazi wa kila mtu pale. Ndiye mkuu wa meza ya kubebesha — tunakata kikonyo cha mchungwa mzuri, tunakiunga juu ya mche wa mlimau, tunafunga utepe, tunamwomba Mungu vishikane. Yeye haombi. Vyake vinashika tu. Katika mia, tisini na tano, tisini na sita.

Nilipojifungua Kidoti, ni yeye aliyemwambia Meneja nafasi yangu isiguswe, akafanya kazi ya watu wawili wiki kumi na mbili. Na sijawahi kumfanyia lolote la maana.

Nimekifungua hapa nyumbani. Masikini, kilivyo cheusi! Ubapa wote mweusi-kijivu kama tako la sufuria. Ni makali tu yanayong'aa, uzi mwembamba. Na kwapani — ndivyo anavyopaita mwenyewe, pale penye pini kisu kinapojikunja — pamejaa utomvu mkavu wa miaka.

Visu vyetu sisi vya kazini ni vya chuma kisichoshika kutu, tunafuta kwa spiriti yamekwisha. Hiki ni chuma cha zamani. Kinahitaji mkono.

Nimepata wazo.

Jumanne, 4 Juni

Maji ya kumwagilia yalikatika, tukaruhusiwa saa sita. Kidoti kalala mara moja, bila vita. Mwujiza. Nikaanza.

Maji ya moto, sabuni ya unga, mswaki wa zamani kwapani mpaka utomvu ukatoka mabonge mabonge. Kisha ule msasa laini uliobaki tulipopaka mlango rangi. Nikasugua. Nikasugua tena. Saa nzima na nusu! Mkono umekufa ganzi lakini kisu — sijawahi kuona kitu kama hicho. Kioo! Nimejiona jicho langu ndani yake, na duara jeusi chini yake, nikashtuka nilivyochoka.

Kidoti akaamka analia, lile jino la juu. Nikakikunja haraka nikakirusha juu ya kabati asikofika, nikamkimbilia.

Shangazi ataruka mwenyewe akikiona.

Jumatano, 5 Juni

Siamini. Hata sasa ninapoandika siamini.

Asubuhi nimekishusha nikitazame kabla ya kutoka. Nimekifungua — rangi ya chungwa! Kutu! Ubapa mzima kuanzia kwapani hadi nchani, madoa madoa kama ndui. Kisu kimekaa na mwenyewe miaka ishirini na sita bila doa la kutu, mimi nimekaa nacho siku mbili. Nilikaa chini sakafuni. Kidoti akaja akakaa pembeni yangu, akadhani ni mchezo.

Nimeelewa. Nilikikunja na maji ndani.

Nikatoka mbio kwa Mama Cherehani, jirani anayenikalia na Kidoti nikiwa kazini. Akacheka. Akasema chuma ni chuma, dawa yake ni oili. Cherehani yake ina umri kumzidi mumewe na haijakohoa hata siku moja, na mume anakohoa kila asubuhi. Akanipa kichupa chake chenye mdomo mrefu.

Nikasugua upya. Nikakausha. Nikatia oili ubapani, na kwapani nikatia mpaka ikatokea upande wa pili. Nyeupe kama maji ile oili, hata harufu haina. Nikafuta ubapa kwa kitambaa. Safi. Kinang'aa kama jana.

Habari ya kutu itabaki baina yangu na Mama Cherehani.

Alhamisi, 6 Juni

Shangazi amerudi na miwani, fremu nyeusi kubwa. Anasema sasa anatuona jinsi tulivyo na amesikitika sana.

Nikampa kisu mbele ya wote. Akakifungua. Akakigeuza upande huu, upande huu. Halafu akasema, si kwa ukali:

"Umekivua nguo."

Nikasema nilitaka kukushukuru, Shangazi. Ndipo akanieleza. Ule weusi haukuwa uchafu! Ni utomvu wa mlimau na mchungwa, unachoma ubapa kidogo kidogo kila siku mpaka unaota kama ngozi, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu isiingie. Kazi ya miaka ishirini na sita. Mimi nimeikwangua kwa mchana mmoja, mtoto akiwa amelala.

Nilitamani ardhi inimeze. Akaniona uso. Akanipiga begani, akasema basi, itaota nyingine, kwani mtoto akinyolewa anakufa? Watu wakacheka. Akakifungua na kukifunga mara mbili tatu, akasema ila kimelainika, kinafunguka kama kimeolewa upya.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema oili. Lakini nikisema oili nitaulizwa ya nini, na nikiulizwa ya nini itabidi niseme kutu. Nikacheka na wengine.

Ijumaa, 14 Juni

Sijaandika siku nyingi. Jino limetoka! Na la pili linakuja, Mungu nisaidie.

Kazi nyingi. Tunabebesha mia kila siku. Leo nimemtazama Shangazi vizuri. Kila akimaliza mche mmoja anakunja kisu. Anafunga utepe, anafungua tena kisu, anakata, anakunja. Sisi tunaacha vyetu wazi mezani. Nikamwuliza haoni anapoteza muda. Akasema zamani alikuwa akija na wanawe hapa kwa kukosa wa kuwaachia, na siku moja mdogo akakamata ubapa kwa mkono mzima. Kovu analo mpaka leo, na ni mtu mzima mwenye ndevu. Tangu siku hiyo mkono unakunja wenyewe.

Nimerudi nyumbani nikakagua kila droo.

Jumatatu, 24 Juni

Sijui nianzie wapi.

Leo tumefungua tepe za kundi la kwanza, siku kumi na nane. Mstari wangu mzuri. Mistari ya wengine mizuri, macho ya kijani ya machipukizi yamechungulia. Tukafika mstari wa Shangazi.

Vimekufa!

Nilidhani ni utepe wa kwanza tu. Wa pili. Wa tatu. Kikonyo cheusi kama njiti ya kiberiti iliyoungua, ukikigusa kinaanguka. Hakikushika hata kidogo, kana kwamba kiliegeshwa tu. Miche mia tatu. Iliyo hai kumi na tisa. Nimehesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza niliona nimekosea.

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa, akatazama tena mstari. Kama vile uchafu ulikuwa kwenye kioo.

Jumanne, 25 Juni

Kundi la pili, yale yale. Wengine wameanza. Mmoja anasema ni miwani, mtu akizoea kutoona vizuri halafu aone, mkono unapotea. Mwingine anasema ni uzee tu tuache kuzunguka. Wanasema kwa sauti ya chini, lakini Shangazi macho ndiyo yalipimwa, masikio anayo.

Wakati wa chakula nimemkuta nyuma ya tangi la maji. Ameunyoosha mkono wa kulia mbele yake, vidole vimetanuka, anautazama kama unatetemeka. Hautetemeki! Aliponiona akajifanya anakung'uta vumbi.

Saa tisa Meneja kaniita. Akasema anamheshimu Shangazi kama mamake, lakini miche mia sita si mchezo. Kuanzia mwezi wa saba Shangazi atahamia kujaza udongo kwenye viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche. Na mkuu wa meza nitakuwa mimi. Ajira ya kudumu! Siyo ya msimu tena. Likizo ya mtoto akiugua. Karatasi zitakuwa tayari Jumatatu.

Nikasema asante.

Nimesema asante! Mdomo wangu huu huu.

Jumatano, 26 Juni

Nimekaa na daftari hili mapajani.

Shangazi alinifuata leo kabla hatujaondoka. Kisu mkononi, kimekunjwa. Akasema meza inakwenda na kisu, yeye alipewa na aliyemtangulia, na mimi nichukue. Nikakataa. Akanishika mkono akanifumba vidole juu yake, kama mtu anavyompa mtoto peremende. Akaenda bila kugeuka.

Jioni Kidoti alikuwa anacheza na vifuniko vya sufuria. Nikafungua kisu, nikakilaza hapa juu ya ukurasa ili nitafute kalamu. Nilipokiinua —

Mstari. Huu hapa. Mstari wa mafuta kwenye karatasi, mrefu kama ubapa, mnene kuelekea kwapani.

Nikafuta ubapa kwa kitambaa mpaka mkavu kabisa. Nikakikunja. Nikakifungua. Nikakilaza. Mstari mwingine! Nikafuta, nikakunja, nikafungua. Mwingine! Nimefanya mara saba. Ukurasa umekuwa kama kioo cha dirisha, naona maandishi ya jana kwa upande wa pili, naona "asante".

Ni oili yangu. Ipo kwapani bado, wiki tatu. Kila kisu kinapokunjwa ubapa unaoga, na yeye anakunja baada ya kila mche. Kila mche! Kwa ajili ya mkono wa mwanawe.

Miche mia sita. Mungu wangu. Si macho. Si mikono yake.

Alhamisi, 27 Juni

Nilitaka kuhakikisha. Labda oili haina neno. Nikamwuliza yule mzee anayepuliza dawa, tunamwita Mzee Pampu, amekaa pale kuliko tangi. Nikauliza kama utani, eti mtu akikata kikonyo kwa kisu chenye mafuta itakuwaje. Hakufikiri hata kidogo. Akasema jaribu kubandika plasta kwenye ngozi iliyopakwa mafuta, halafu uniletee majibu. Akaendelea kupuliza.

Shangazi ameshaanza kukaa kwenye viriba, hakungoja Jumatatu. Anachota udongo kwa kopo, anawachekesha wale wasichana wa pale. Kila mara kopo likitua anautazama mkono.

Nimempigia babake Kidoti, yuko safarini na lori. Nikamweleza yote. Akauliza kwani nimeua mtu. Akasema hiyo ajira tumeisubiri miaka minne, mama wa watu ameshafika umri wa kupumzika, nyamaza, utamsaidia kwa njia nyingine. Nikamwambia hujaona anavyoutazama ule mkono. Akasema mke wangu, fikiria mtoto.

Namfikiria. Ndiyo shida yenyewe. Leo alivunja kikombe akakisukuma chini ya kiti, akakaa juu ya kiti akinitazama kwa macho makubwa. Nikamtoa, nikamwonyesha vipande, nikamwambia sema mimi. Hajui kusema sentensi lakini akajipiga kifuani.

Mwaka mmoja na miezi minne!

Ijumaa, 28 Juni

Nimemwambia.

Nilimkuta peke yake kwenye viriba. Nikapiga magoti kwenye udongo ili nisije nikakimbia, nikayatoa yote. Maji niliyokunja nayo. Kutu. Kichupa. Mistari saba. Hakunikatiza. Alikuwa na kopo limejaa, akalishikilia hivyo hivyo hewani mpaka nikamaliza.

Akauliza tu, "Ya cherehani?"

Nikasema ndiyo, Shangazi.

Akaweka kopo chini. Nikadhani atanipiga, na ningekaa nipigwe. Akasema, "Siku nne hizi naamka alfajiri naiangalia mikono yangu. Naisemesha. Naiuliza nimeikosea nini."

Sikujua mtu anaweza kukasirika kwa sauti ndogo kiasi kile. Kuhusu meza hakusema neno.

Halafu akanyoosha mkono nimpe kisu. Akanichukua mpaka kwenye karo, na kwa hasira hiyo hiyo akanifundisha. Maji ya moto na sabuni, kisu kikiwa wazi kimezama, unakikunja na kukikunjua ndani ya maji mpaka kwapa litoe yote. Tukaona zile duara za rangi zikipanda juu ya maji, nyingi mno, sikuamini kwamba pengo dogo vile limebeba zote. Maji ya pili. Ya tatu. Kisha spiriti, kwa utambi wa kitambaa uliosokotwa ukapita penye pini. Kisha juani, wazi, makali yakitazama ukuta, na hakuna kukikunja mpaka kiwe moto kwa kugusa. Msimu wa kazi hakuna mafuta, kufuta na kukausha tu. Msimu ukiisha, nta ya nyuki kidogo, ubapani, kwapani marufuku. Na ukianza msimu unaitoa yote.

Akasema angeniambia haya wakati wowote katika miaka minne kama ningeuliza.

Kilipokauka akakilaza juu ya karatasi ya mfuko wa mbolea. Akakunja, akakunjua, akalaza. Hakuna mstari. Mara kumi. Akanirudishia.

Nikamwambia Jumatatu nakwenda kwa Meneja kumweleza. Akasema nisithubutu, nina mtoto. Nikasema ndiyo maana. Akasema mimi ni mkaidi. Nikauliza, umenisamehe? Akasema, "Kaa nacho. Sijajua bado."

Jumatatu, 1 Julai

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Meneja. Naandika nisije nikaondoka.

Nilikuja mapema. Nilitaka niwe wa kwanza. Karani akanipa karatasi zangu za ajira na kalamu, akasema soma ukingoja, Meneja ana mtu. Nikakaa. Dirisha liko wazi. Nikasikia sauti.

Ni Shangazi! Ameniwahi!

Anasema ni yeye. Anamwambia Meneja alitia oili ya cherehani mwenyewe kwenye kisu, kilikuwa kinagoma kufunguka, akasahau kukiosha. Kwa hiyo macho yake hayana kasoro na mikono yake haina kasoro, na apewe miche mia moja tu na wiki tatu, aone. Jina langu hajalitaja. Anadanganya kwa utulivu kama anayesoma tangazo.

Nimefikiri, labda itawezekana. Nimefikiri hivyo, niandike ukweli. Kwa pumzi moja nimeona sote tunapona — yeye na mikono yake, mimi na karatasi zangu.

Halafu Meneja akajibu. Si kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniua. Kwa huruma. Akasema mama, miaka ishirini na sita, wewe ndiye uliyetufundisha sote. Mtu kama wewe akitia oili kwenye kisu cha kubebeshea halafu asahau, basi si macho tena. Ni kichwa. Akasema hata kwenye viriba sasa anaogopa kumwacha, kuna mashine ya kuchanganya udongo pale. Akasema labda ni wakati wa kupumzika nyumbani kabisa.

Shangazi hajibu! Mtu aliyemwambia Meneja atumie meno, hana jibu. Kupitia upenyo wa dirisha naiona mikono yake mapajani. Ameigeuza, viganja juu. Anaitazama.

Kisu kiko mfukoni mwangu. Nimekilaza asubuhi hii juu ya ukurasa huu, hapo pembeni, hakuna alama. Ubapa umeanza weusi kidogo karibu na ncha, wa kwanza, kama ukungu.

Karani ananiambia niingie nao, Meneja anataka nisaini mbele ya Shangazi ili makabidhiano yawe ya heshima. Anauliza kama nimeshamaliza kujaza. Ameona naandika, anadhani ni fomu.

Kalamu hii ni ile niliyopewa ya kusainia. Mlango umefunguliwa, nami nimekitoa kisu mfukoni niseme ni mimi. Shangazi amegeuka, ameniona na kisu mkononi, anatikisa kichwa, hapana, hapana mwanangu —